Mgeni na Amana Yake: Historia Fupi ya Akaunti za Benki Ugenini



Ndugu wasomaji, siku hizi ni chache familia zetu, kuanzia Buyenzi hadi Biryogo na kuanzia Kampala hadi Goma, ambazo hazina mtu wao Ghuba. Kijana yuko Dubai, binti yuko Muscat, shemeji yuko Jeddah, kila mmoja na ikama yake ya miaka miwili. Akishapata ikama, jambo la kwanza analoambiwa ni kufungua akaunti ya benki. Anapofika dirishani huulizwa maswali mengi: unafanya kazi kwa nani, unalipwa kiasi gani, unakaa wapi, fedha utampelekea nani? Wengi wetu huona ni usumbufu, na wengine huona ni dharau kwa Mwafrika.

Kwa hakika swali hilo ni la kale sana, nalo kwa ufupi ni hili: "Nani anakufahamu?" Kilichobadilika katika historia ni yule anayelijibu. Zamani alijibu mtu, kisha akajibu kafili, na leo inajibu kadi. Na kila mara jibu lilipokuwa mikononi mwa mwingine peke yake, mali ya mgeni iliingia hatarini. Tuitazame historia hiyo hatua kwa hatua, kwani ina mafunzo kwa familia zetu.

1. Zama za suftaja na masarrafu

Kuweka mali kwa mtu anayeaminika ni jambo lililokuwapo kabla ya benki. Wasomaji wa Sira wanakumbuka kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alipohama Makka mwaka 622 alimwacha Sayyidna Ali (R.A.) nyuma ili arudishe amana za watu, wakiwemo wale waliokuwa wakimpinga. Na aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ni ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Kwa hiyo mambo mawili yalikuwa wazi tangu mwanzo: uaminifu wa mtu, na maandishi.

Wafanyabiashara wa zama za Bani Abbas waliyaunganisha mambo haya mawili. Walitumia suftaja, yaani barua ambayo mtu aliyelipa fedha mji mmoja aliipeleka mji mwingine na kulipwa huko, bila kubeba dinari njiani na kuogopa majambazi.

Msafiri wa Kiajemi Nasir Khusraw alifika Basra mwaka 1051 baada ya safari ndefu ya jangwani. Yeye na ndugu yake walikuwa wamechakaa kiasi kwamba mtu wa hamamu aliwafukuza mlangoni akidhani ni wendawazimu. Baadaye Mwajemi mmoja aliyekuwa akiishi mjini akamtambulisha kwa waziri, wakapewa nguo na fedha. Waliporudi kwenye hamamu ile ile walipokelewa kwa heshima. Nasir huyo huyo anaeleza namna soko la Basra lilivyofanya kazi: mwenye mali aliiweka kwa sarraf, yaani mbadilishaji fedha, akapewa hati, kisha akanunua kila alichotaka sokoni kwa kuandika hawala juu ya sarraf wake. Maadamu yuko mjini, hakuhitaji kutoa sarafu mfukoni.

Hii ndiyo akaunti ya mgeni takriban miaka 1,000 iliyopita. Tazama vizuri, ndugu msomaji: hati zilikuwapo na masarrafu walikuwapo, lakini mlango ulimfungukia Nasir pale alipopatikana mtu wa kusema, "Huyu namfahamu."

2. Pwani yetu: mwenyeji na hundi

Huku kwetu Afrika Mashariki mambo yalikuwa vivyo hivyo. Ibn Battuta alifika Mogadishu mwaka 1331, kisha akapita Mombasa na kufika Kilwa. Anasimulia kwamba jahazi lilipotia nanga Mogadishu, vijana wa mji walikwenda kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula, akampa mfanyabiashara mmojawapo na kusema kwamba huyu ni mgeni wangu. Tangu hapo mfanyabiashara yule alifikia nyumbani kwa mwenyeji wake, isipokuwa yule aliyekwisha kuja mara nyingi na kufahamika na watu. Mwenyeji ndiye aliyemuuzia na kumnunulia. Aliyenunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au aliyemuuzia bila mwenyeji kuwapo, biashara yake ilihesabiwa kuwa batili.

Utaratibu huu ulikuwa na pande mbili. Ulimlinda mgeni asidhulumiwe, lakini pia ulimfunga, kwani bila mwenyeji hakuweza kufanya lolote. Tutaona mbele kwamba jambo hilo limeendelea hadi zama zetu.

Katika karne ya 19 Unguja ilikuwa kitovu cha biashara ya pwani na bara, na fedha iliyotumika sana ilikuwa reale ya Maria Theresa iliyotengenezwa Austria. Benki haikuwapo. Waliofanya kazi ya benki walikuwa matajiri wa Kihindi. Nyumba ya Jairam Shivji ilikodi forodha ya Sultani kwa miongo mingi, na Taria Topan aliwakopesha wenye misafara, miongoni mwao Tippu Tip, ambaye nguvu zake zilifika hadi Manyema na Kasongo, katika Kongo ya leo. Misafara hiyo, tusifiche, ilibeba pembe za ndovu na pia watumwa.

Fedha hizo zilitembea kwa maandishi. Neno letu la hundi, tunalolitumia kwa maana ya cheki, limetoka katika hundi za Wahindi hao. Mtu alipewa karatasi Unguja na kulipwa Bombay, kwa sababu nyumba mbili za biashara zilijuana.

Benki za kisasa zilikuja baadaye. National Bank of India ilifungua tawi Unguja mwaka 1892, Mombasa mwaka 1896 na Entebbe mwaka 1906. Ziliwahudumia kwanza serikali ya kikoloni na makampuni. Mtu wa kawaida aliendelea kuweka akiba yake kwa mwenye duka, kwa imamu, au chini ya godoro.

3. Ghuba: kutoka rupia hadi kafili

Watu wengi hudhani Ghuba ilikuwa na benki siku zote. Sivyo. Benki ya kwanza Dubai ilifunguliwa mwaka 1946, na Muscat mwaka 1948, zote mbili na benki moja ya Waingereza iliyoanzia Uajemi, ambayo baadaye iliitwa British Bank of the Middle East. Fedha iliyotumika ilikuwa rupia ya India, na mwaka 1959 India ikatoa rupia maalumu kwa nchi za Ghuba. Dubai ilipata benki yake yenyewe, National Bank of Dubai, mwaka 1963. Oman ilianza kutumia riali yake mwaka 1970, na Falme za Kiarabu zikaanza kutumia dirhamu mwaka 1973.

Hapo ndipo historia ya Ghuba inapokutana tena na yetu. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, watu wengi wenye asili ya Oman walikimbia Unguja na Pemba. Sultan Qaboos alipotwaa madaraka Julai 1970 aliwaita wenye asili ya Oman warudi kujenga nchi, na wengi walikwenda, wengine wakitokea nchi za bara. Ndiyo maana hadi leo Kiswahili kinasikika Muscat. Hao walipata uraia. Ama waliofuata baadaye kutafuta kazi, walikwenda kwa njia nyingine kabisa, nayo ni njia ya kafili.

Kafili ni mdhamini. Mgeni huingia nchini kwa jina la mwajiri wake, na ikama yake husimama juu ya mwajiri huyo. Mfano wake ni ule wa mwenyeji wa Mogadishu, lakini sasa umewekwa katika sheria za nchi. Benki nazo ziliufuata utaratibu huo. Mwenye ikama alitakiwa kuleta pasipoti, ukurasa wa viza na barua ya mwajiri yenye kutaja mshahara. Mara nyingi alitakiwa pia kuleta barua ya kafili kwamba hana pingamizi. Barua isipotoka, akaunti haikufunguliwa. Na kama kafili alikuwa ameishika pasipoti, jambo ambalo sheria za nchi nyingi za Ghuba zinalikataza lakini limefanyika sana, mgeni hakuwa na cha kuonyesha dirishani.

4. Mitihani mitatu

Historia ina mitihani mitatu ambayo kila anayeweka fedha ugenini anapaswa kuijua.

Mtihani wa kwanza ulitokea hapa hapa jirani. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka. Wengi walikuwa na pasipoti za Uingereza, kwa hiyo ingawa walizaliwa Kampala au Jinja, kwa karatasi walikuwa wageni. Waliruhusiwa kuondoka na kiasi cha pauni 50 tu. Maduka, nyumba na fedha zilizokuwa benki zilibaki. Waliokuwa na akaunti nje ya Uganda walikuwa na pa kuanzia, na wengine walianza na blanketi kambini Uingereza. Miaka ya 1990 waliorudi kudai mali zao walihitaji kitu kimoja kabla ya vyote: hati.

Mtihani wa pili ni Kuwait. Tarehe 2 Agosti 1990 majeshi ya Iraq yaliivamia nchi hiyo, na mamia ya maelfu ya wafanyakazi wa kigeni walikimbia kupitia jangwani hadi Jordan, wakiacha akiba zao benki na mishahara isiyolipwa. Mwaka 1991 Umoja wa Mataifa uliunda tume ya fidia mjini Geneva. Waliolazimika kuondoka walipewa viwango maalumu, dola 2,500 au 4,000 kwa mtu mmoja na 5,000 au 8,000 kwa familia, bila kudaiwa ushahidi mzito. Lakini aliyetaka fidia ya hasara yake halisi, ikiwemo fedha zake za benki, alitakiwa kuleta ushahidi. Tume hiyo ililipa zaidi ya dola bilioni 52 kwa waombaji wapatao milioni 1.5, na malipo ya mwisho yalifanyika mwaka 2022. Mtu aliyekuwa na nakala ya taarifa ya benki nyumbani kwao, katika nchi yake, alikuwa na hoja. Aliyeiacha kabatini Kuwait alibaki na simulizi.

Mtihani wa tatu ni wa benki yenyewe. BCCI ilianzishwa mwaka 1972 na Agha Hasan Abedi wa Pakistan, kwa msaada wa fedha za Abu Dhabi, na kusajiliwa Luxembourg. Ilienea katika nchi zaidi ya 70, na wahamiaji wengi wa Kiislamu waliiamini kwa sababu iliwapokea pale benki nyingine zilipowadharau. Tarehe 5 Julai 1991 ilifungwa ghafla kwa sababu ya udanganyifu mkubwa. Wafilisi walirudisha sehemu kubwa ya fedha, lakini kwa kipindi cha zaidi ya miaka 20. Funzo lake ni kwamba ukarimu wa karani na dini ya mwenye benki si dhamana. Dhamana ni leseni na usimamizi wa kweli.

5. Hawala na mwaka 2001

Kwa sababu ya ugumu huo wote, wengi walibaki na hawala. Ilikuwa rahisi, ya haraka, na ilifika hadi vijijini ambako benki haikujulikana. Kampuni kubwa kuliko zote kwa Wasomali ilikuwa Al-Barakaat, yenye makao yake Dubai. Tarehe 7 Novemba 2001, wiki chache baada ya mashambulizi ya Marekani, serikali ya Marekani iliifunga na kuzuia fedha zake kwa tuhuma za kufadhili ugaidi. Familia nyingi zilikosa fedha za chakula mwezi huo. Mwaka 2004 ripoti ya tume ya Marekani iliyochunguza mashambulizi hayo ilionyesha kuwa tuhuma hizo hazikuthibitishwa, na mwaka 2012 Umoja wa Mataifa uliiondoa kampuni hiyo katika orodha yake. Lakini duka lililofungwa miaka 10 halirudi kama lilivyokuwa.

Haikuishia hapo. Mwaka 2013 Barclays ya Uingereza iliamua kufunga akaunti za kampuni nyingi za kutuma fedha. Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya ilizisimamisha kampuni 13 za hawala kabla ya kuziruhusu tena Juni mwaka huo.

Tangu wakati huo maswali dirishani yameongezeka. Kikosi kazi cha kimataifa cha kupambana na fedha haramu, FATF, kilichoundwa mwaka 1989, huziweka katika orodha ya uangalizi nchi zenye upungufu. Uganda ilikuwamo kuanzia 2020 hadi Februari 2024, Falme za Kiarabu kuanzia 2022 hadi Februari 2024, na Tanzania kuanzia 2022 hadi Juni 2025. Nchi ikiwamo katika orodha hiyo, raia wake na benki zake huulizwa zaidi. Basi karani anapomhoji kijana wetu, mara nyingi anatimiza agizo lililotoka mbali.

6. Mshahara kupitia benki

Kwa miaka mingi wafanyakazi wa Ghuba walilipwa mkononi, na aliyedhulumiwa hakuwa na ushahidi. Mwaka 2009 Falme za Kiarabu zilianzisha mfumo wa kulinda mishahara, unaolazimisha makampuni kulipa kupitia benki au maduka ya kubadilisha fedha yaliyoruhusiwa. Saudi Arabia ilifuata mwaka 2013, na Qatar mwaka 2015. Faida yake ni kubwa, kwa sababu serikali inaweza kuona nani hakulipwa. Kwa mara ya kwanza maandishi ya mgeni hayakuwa mikononi mwa kafili peke yake.

Lakini mifumo hiyo ilipoanza haikuwahusu wafanyakazi wa nyumbani, yaani dada zetu na binti zetu ambao ndio wengi katika wanaotoka nchi zetu. Falme za Kiarabu zilianza kuwaingiza baadhi yao mwaka 2023. Saudi Arabia, kuanzia Julai 2024, iliagiza mishahara yao ipitie mfumo wa Musaned, ikianza na mikataba mipya. Hapo kabla binti aliweza kufanya kazi miaka miwili, "mama wa nyumba" akimwambia fedha zake ziko salama anamwekea. Wako waliorudi na haki yao kamili, Allah awalipe kheri waajiri hao. Na wako waliorudi na mkoba mtupu, bila karatasi moja ya kuonyesha kwa kadhi wala ubalozini.

Kadi nayo imechukua nafasi kubwa. Mwaka 2022 Falme za Kiarabu ziliacha kubandika viza katika pasipoti, na kitambulisho cha mkaazi kikawa ndicho uthibitisho. Kadi ikiisha muda wake, benki huweza kuzuia matumizi ya akaunti hadi iletwe mpya.

Ulaya pia haikukubaliana juu ya suala hili. Mwaka 2014 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kumpa kila mkaazi halali, hata mwomba hifadhi, haki ya akaunti ya msingi. Mwaka huo huo Uingereza ilizuia benki kumfungulia akaunti asiye na ruhusa ya kukaa. Hata hivyo pande zote mbili zilikiri jambo moja, kwamba bila akaunti ni vigumu kuishi.

7. Vipi kuhusu riba?

Wazee wengi walikataa benki kwa kuogopa riba, na hofu yao ilikuwa ya haki. Alhamdulillah njia zimepatikana. Mwaka 1963 Ahmad al-Najjar alianzisha benki ya akiba isiyo na riba Mit Ghamr, Misri. Dubai Islamic Bank ilianza mwaka 1975 na Kuwait Finance House mwaka 1977. Kenya ilipata benki mbili za Kiislamu mwaka 2008, Tanzania ilipata Amana Bank mwaka 2011, na Oman iliruhusu benki za Kiislamu mwaka 2011. Uganda ilibadilisha sheria yake mwaka 2016. Kwa hiyo anayekwenda Ghuba leo anaweza kuuliza akaunti isiyo na riba tangu siku ya kwanza.

8. Mafunzo kwa familia

Kutokana na historia hii tunajifunza yafuatayo:

Kwanza, fedha ziwe kwa jina la mwenyewe. Mwambieni binti kabla hajapanda ndege: asikubali kuwekewa mshahara na mtu yeyote, hata akiwa mkarimu.

Pili, majina yafanane. Aliyeandikwa Salum Ally katika pasipoti na Salim bin Ali katika cheti atasumbuka dirishani, na warithi wake watasumbuka zaidi. Rekebisheni kabla ya safari.

Tatu, nakala zibaki nyumbani. Nakala ya pasipoti, ya ikama, ya mkataba na ya taarifa ya benki ziwe kwa baba, mama au mwenza. Wakimbizi wa Kuwait wametufundisha hilo.

Nne, asimwazime mtu akaunti yake. Kijana anaombwa na rafiki, "nipitishie fedha zangu hapa", na kesho polisi wanamtafuta yeye, kwa kuwa akaunti ni ya jina lake.

Tano, wasia. Mkaazi wa kigeni akifariki, benki nyingi za Ghuba huzuia akaunti yake hadi mahakama itoe hukumu ya mirathi. Familia isiyojua benki ni ipi hupoteza miezi, na wakati mwingine hupoteza kila kitu. Kuandika wasia ni sunna, na kuandika humo jina la benki ni katika kuhifadhi haki za mayatima.

Sita, kabla ya kurudi moja kwa moja amalize mikopo, apate maandishi ya kufunga akaunti, kisha ndipo ikama ifutwe. Deni dogo lililosahaulika linaweza kumsubiri uwanja wa ndege miaka mingi baadaye.

Ndugu wasomaji, Nasir Khusraw alihitaji mtu wa kumtambulisha Basra, na mfanyabiashara wa Mogadishu alihitaji mwenyeji. Mtoto wetu wa leo anaweza kuwa na shahidi asiyemtegemea yeyote, nao ni maandishi yenye jina lake. Basi wiki hii mpigie simu aliye mbali, usimuulize kwanza atatuma kiasi gani. Muulize akaunti iko kwa jina la nani, na nakala ziko wapi.

Allah awahifadhi walio safarini, awarudishe salama pamoja na jasho lao. Aamin.

Wabillahi Tawfiq.